Achia Tumbo

Watu wakiniuliza kazi yangu, nawaambia mimi ni mwenye funguo. Wanacheka. Wacha wacheke. Kwenye bwawa letu la kuogelea hakuna anayevua hata kiatu kabla hajafika dirishani kwangu, nikampa taulo na ufunguo wa kabati lake. Miaka kumi na moja nimekalia kiti hicho. Nimewaona watu wazima wakiingia wima, wanasalimia kwa sauti, halafu nawaona wakitoka chumba cha kubadilishia nguo wamejikunyata, taulo limefungwa mpaka makwapani, utadhani wameiba kitu. Mtu mzima akivua nguo mbele za watu anarudi kuwa mtoto, nakwambia.

Lakini sikuja kusimulia habari zangu. Nataka kusimulia habari za Mwalimu, ingawa kwa bahati mbaya na mimi nimo.

Mwalimu ana miaka hamsini na minne. Mfupi, kipara, na tumbo. Tumbo lenyewe si la kuficha: linatangulia mlangoni, yeye anafuata. Alianza kazi hapa kama mtu wa pampu, yule anayekaa chumba cha nyuma kusafisha machujio na kutia dawa ya maji. Miaka sita alisafisha maji ambayo hajawahi kuyaingia, maana aliyaogopa kama paka. Siku moja, akiwa na miaka thelathini na mitatu, aliteleza ukingoni akatumbukia upande wa kina kirefu, wakamtoa keshakunywa nusu ya bwawa. Mwingine angeacha kazi. Yeye alimwendea mwalimu wa zamani akamwambia, "Nifundishe." Ilimchukua miezi minane kujua kuelea tu, kuelea, si kuogelea. "Usiniletee habari za kuogopa maji," huwa anawaambia wanafunzi wake, "hiyo mimi nina shahada yake."

Yule wa zamani alipostaafu, Mwalimu akapewa darasa la watu wazima, kila Jumatano saa nne asubuhi. Watoto na vijana wana walimu wao wengine, wenye vifua na filimbi.

Sasa sikiliza alivyokuwa akifundisha, kwa sababu mambo yote yanaanzia hapo. Mwalimu hakumfundisha mtu kuelea kwa maneno. Alikuwa na kitu alichokiita kutoa mgongo. Mwanafunzi mpya akiingia majini anatetemeka, Mwalimu hamshiki. Yeye ndiye anajilaza chali juu ya maji, mikono ameitandaza, tumbo limetoka nje kama sufuria iliyofunikwa, kisha anasema, "Weka kiganja chako chini ya mgongo wangu." Mwanafunzi anaweka. "Unanibeba?" Hapana. "Basi ondoa mkono." Anaondoa. Mwalimu yuko palepale, anaelea, anapepesa macho. "Nani amenishika?" Hakuna. "Haya, zamu yako. Na wewe achia tumbo."

Achia tumbo! Hilo ndilo lilikuwa somo lake lote. Watu wazima, alisema, wamezoea kuvuta tumbo ndani tangu siku waliyoanza kuona haya. Wanapita barabarani wamelivuta, wanapiga picha wamelivuta, wamesahau hata kwamba wamelivuta. Na mtu aliyebana tumbo hapumui vizuri, mwili wote unakuwa mgumu, miguu inashuka, anazama. Maji hayataki mtu anayejifanya. Nimewaona wanawake na wanaume wakiweka kiganja chini ya mgongo ule na uso wao ukabadilika papo hapo, kwa sababu wanaona kwa macho yao mtu mwenye tumbo kubwa kuliko lao amelala juu ya maji raha mustarehe, hana habari na mtu.

Darasa likapungua mpaka wakabaki watu wanne. Meneja akasema likiendelea hivyo atalifunga, saa ile awape vijana wa mashindano. Akanikabidhi simu ya ofisi: "Wewe una maneno mengi. Weka vitu mtandaoni, watu watujue." Mimi huyo! Jumatano iliyofuata nikasimama nyuma ya nguzo, nikampiga Mwalimu video anatoa mgongo kwa fundi viatu mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake. Sikumwomba ruhusa. Niliona ni kitu kizuri, na kizuri kinaombewa ruhusa ya nini? Nikaandika chini yake: "Njooni mjifunze kuelea. Mwalimu wetu hazami!" Nikarudi kwenye kiti changu nimevimba kichwa.

Kufika alasiri, mtu nisiyemjua alikuwa ameichukua ile video, amekata kipande cha tumbo peke yake, amekitia muziki na vicheko. Ikasambaa. Mmoja anaandika, "Huyu akitoka, bwawa linabaki tupu." Mwingine, "Nyangumi amepotea njia, mrudisheni kwao." Walikuwa mamia. Nikaifuta yangu mbio mbio, lakini ya kwao nitaifutaje? Maji yakimwagika hayazoleki. Na badala ya kwenda kumwambia Mwalimu siku ileile, nikanyamaza. Nilisema moyoni, labda hataiona.

Aliiona kwa kinyozi. Kinyozi alimwonyesha akidhani anamfurahisha. Kesho yake Mwalimu akapita dirishani kwangu anacheka, "Dada Funguo, umeniona nimekuwa mtu maarufu?" Nikacheka na mimi, Mungu anisamehe. Wiki iliyofuata alikuja kazini amevaa fulana, akaingia nayo majini. Wiki ya pili hakuingia majini kabisa. Alisimama ukingoni amevaa koti la michezo lenye zipu mpaka kidevuni, anafundisha kwa mdomo. Joto lile! Jasho likamtiririka, zipu hakuigusa.

Simu nayo ni kiumbe mbaya. Ikijua mtu ana kidonda, inamletea chumvi. Mwalimu ambaye zamani simu yake ilikuwa ya kumpigia mkewe tu, sasa kila akikaa anaikodolea. Ikamletea chai za kukondesha. Ikamletea mzee wa miaka hamsini na mitano mwenye tumbo la vipandevipande kama tofali. Ikamletea mkanda wa kubana tumbo, mweusi, mpana, wa kunata, na huo akauagiza. Alikuwa anauvaa chini ya koti akidhani hatujui. Nani asijue? Akiinama kuokota filimbi anainama kama mlango.

Siku moja mkewe akanipigia. "Dada, mwenzako kapatwa na nini huko kazini? Asubuhi hali. Mchana hali. Miaka ishirini na saba ya ndoa, leo mwanamume anajifungia mlango ndipo avue shati. Nimemkosea nini mimi?" Analia. Nikamwambia hujamkosea kitu, wifi, ni uchovu. Uongo mtupu, nikakata simu nikajiona sina maana kabisa.

La kushangaza ni kwamba darasa lilikuwa limeongezeka. Baada ya ile video walikuja watu watano wapya kwa mkupuo, na hakuna aliyejiuliza wametoka wapi. Mmoja alikuwa mama mnene aliyestaafu posta, sisi tukimwita Mama Posta. Wiki saba alikuja, na wiki saba alizama. Mwalimu kutoka ukingoni anamwambia, "Legeza mwili, Mama," Mama Posta anashika chuma cha ukingo kama anashika riziki yake. "Achia tumbo," anasema Mwalimu, naye mwenyewe amelifunga kwa mkanda. Wenzake Mama Posta wakakata tamaa, mmojammoja wakarudisha funguo. Fundi viatu naye akaacha, na hilo nitalieleza. Mama Posta alibaki.

Jumatano moja akachoka. "Mwalimu," akasema kwa sauti ya dirisha la posta, "wewe unasema tu. Ingia, utuonyeshe." Wengine wakaitikia, "Ndiyo, tuonyeshe!" Niliona kutoka dirishani kwangu. Mwalimu alisita, akavua koti, akabaki na fulana, mkanda umetuna chini yake. Akaingia. Akajilaza chali.

Akazama.

Miguu ilitangulia, ikashuka polepole, kisha kiuno, kisha uso. Mwalimu wetu! Akaibuka anakohoa, maji yanamtoka puani. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Akapanda ngazi, akapita mbele ya dirisha langu anadondosha maji, na kabla ya saa sita alikuwa ameandika barua: anaomba arudishwe chumba cha pampu. Meneja akakubali haraka kuliko nilivyotegemea. Darasa la watu wazima, akasema, mwisho wake ni mwisho wa mwezi, hakuna mwalimu mwingine. Ilibaki Jumatano moja.

Nilikaa na hilo jambo siku mbili. Siku ya tatu nikafunga dirisha langu, nikaenda chumba cha pampu. Nilimkuta amechuchumaa anasugua chujio kwa brashi, koti mpaka kidevuni, pampu inanguruma hata mtu hujisikii. Nikapaza sauti: "Ni mimi!"

"Najua ni wewe, nakuona," akajibu kwa sauti kubwa.

"Nasema ni mimi niliyepiga ile video!"

Akanitazama. Akanyoosha mkono akazima pampu. "Rudia."

Nikarudia yote: simu ya ofisi, nguzo, maneno niliyoandika, nilivyofuta, nilivyonyamaza. Mwalimu aliweka brashi chini.

"Mimi nilidhani ni fundi viatu, kwamba alimpanga mtu wa kunipiga," akasema. "Nilimnunia yule mtu mpaka akaacha darasa. Alikuja kunisalimia, nikageuza uso. Mtu hana kosa lolote. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Kila asubuhi nachukua ufunguo mkononi mwako, unaniuliza habari za nyumbani."

"Nisamehe, Mwalimu. Sikukusudia kukucheka. Niliona unapendeza."

"Napendeza!" Akasimama. Sijawahi kumwona amekasirika namna ile. "Haya niambie. Miaka kumi na moja uko hapa. Umewahi kuingia majini hata siku moja?"

"Sijawahi."

"Kwa nini?"

Nikatafuta uongo, nikaukosa. Nikamwambia ukweli ambao hata dada yangu wa tumbo moja sijawahi kumwambia. Nikamwambia naona haya miguu yangu. Mapaja yana michirizi, vigimbi vina mishipa imetokeza kama kamba za chini ya mchanga, tangu uzazi wa pili. Nguo zangu zote zinafika kifundo cha mguu. Na picha yangu ya mtandaoni, ile inayoonyesha uso na mabega peke yake, ina miaka tisa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo," akasema taratibu, "tumbo langu liende sokoni, miguu yako ibaki sandukuni."

Hapo ndipo nililia. Nililia kweli, kwa sababu alikuwa na haki, na kwa sababu sikuwa nimewahi kulitazama jambo hilo kwa upande ule. Nikamwambia, "Jumatano nitaingia. Mbele ya watu wote."

"Ingia, usiingie, shauri yako. Mimi ni mtu wa pampu." Akawasha mashine yake.

Jumatano ikafika, na ilikuwa ya mwisho. Nguo ya kuogelea sikuwa nayo. Niliitoa kwenye sanduku la vitu vilivyosahauliwa, ya kijani, ya nani Mungu ndiye ajuaye, inanibana huku na kunilegea kule. Nilisimama chumba cha kubadilishia nguo nikajitazama kwenye kioo, nikataka kurudi nyumbani. Nikasema, wewe mama, ukiyavulia nguo maji sharti uyaoge. Nikatoka na taulo kiunoni. Ukingoni nikalitundika. Upepo ukanipiga miguuni, na ilikuwa mara ya kwanza upepo kuijua miguu yangu mbele za watu tangu nikiwa msichana.

Wanafunzi walikuwa watatu tu, na Mama Posta ameshika chuma chake. "Heee! Dada Funguo!" akaita. "Kumbe na wewe una miguu!"

"Ninayo miwili, kama yako," nikamjibu, nikashuka ngazi. Maji yalikuwa baridi ya kutukana.

Kila saa nne mtu wa pampu hutoka na chupa kuchukua maji ya kupima dawa. Mwalimu akatoka na chupa yake, na koti lake. Akaniona. Chupa ikabaki hewani. Nilikuwa nimesimama maji yamenifika kifuani, meno yanagongana, na mbele ya wale watu nikasema, "Mwalimu, nipe mgongo."

"Mwalimu hayupo," akasema. "Hapa kuna mtu wa pampu."

"Basi nipe mgongo wa mtu wa pampu. Mimi siwezi kulala hapa kabla sijaona."

"Uliniona majuzi. Nimezama."

Mama Posta akaachia chuma cha ukingo. Aliachia kweli, mkono mmoja, kisha wa pili, akasimama peke yake. "Wewe mtu," akasema, "nilikuwa sitaki kusema, maana mimi ni mwanamke wa heshima zangu na haipendezi kumwambia mume wa mtu. Lakini leo ni mwisho. Unajua kilichonileta hapa ni nini? Ni tumbo lako. Nimeliona kwenye simu ya binti yangu. Binti anacheka, mimi nikamnyang'anya simu nikaitazama mara kumi. Miaka yote nikifungua simu naona vijana wembamba wanaruka majini, nikajua maji si ya watu kama mimi. Halafu nikaona mtu ana tumbo kama langu amelala juu ya maji kama kitandani kwake. Nikasema, kumbe! Na wale wengine wanne tulikuja nao kwa sababu hiyo hiyo, waulize. Wiki nane ninasubiri kuliona. Wiki nane unanionyesha zipu!"

Mwalimu aliangalia chupa yake. Aliangalia miguu yangu iliyokuwa inaonekana ndani ya maji, myeupe ya baridi, michirizi yake yote. Sikuificha, ingawa sitasema sikutamani.

Akaweka chupa chini. Akashusha zipu. Akavua fulana. Kisha akaushika ule mkanda akaubandua, ukatoa sauti ya kuchanika, krrraaa, sauti iliyosikika bwawa zima. Tumbo likatoka na alama nyekundu za mshono huku na huku. Akavuta pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo. Nadhani ilikuwa ya kwanza kamili kwa miezi miwili.

Akaingia. Akajilaza. Akafumba macho. Na maji, jamani, yakampokea kama zamani. "Leta kiganja," akasema. Nikaweka changu, Mama Posta akaweka chake kwa upande wa pili.

"Mnanibeba?"

"Hapana," tukasema pamoja.

"Ondoeni mikono."

Tukaondoa. Alikuwa palepale, tumbo juu, machozi yanamtoka pembeni mwa macho yakiingia kwenye bwawa, na hakuyafuta. "Haya," akasema. "Nani anaanza?"

Alianza Mama Posta. Alihesabu mpaka tatu, akalala, akapiga kelele moja, akanyamaza. Akaelea. Akasema, "Nani amenishika?" na sisi wote mikono juu. Kisha ikawa zamu yangu. Nililala na masikio yakazama, nikawa nasikia pampu tu, na sauti ya Mwalimu kwa mbali: achia tumbo. Nikajibu moyoni kwamba nimeachia. Akarudia, achia. Ndipo nikagundua nilikuwa nimelivuta. Nadhani nilikuwa nimelivuta tangu harusi yangu. Nikaachia, na miguu yangu ikapanda juu yenyewe, yote miwili, ikatokeza juani.

Meneja aliona watu wanaelea akaondoa tangazo la kufunga darasa alilokuwa ameshabandika mlangoni, kwa muda, alisema, tuone. Fundi viatu karudi. Mwalimu alimwendea mwenyewe kibandani kwake kumwomba radhi, akarudi na viatu vimeshonwa soli mpya. Mkewe ananiambia asubuhi anakula, na shati anavulia popote. Maneno ya mtandaoni bado yanamuuma siku nyingine, sitadanganya. Siku hizo anaingia majini mapema kabla ya wanafunzi, analala chali, anatoka.

Na ile picha yangu ya miaka tisa nimeitoa. Nimeweka nyingine aliyonipiga fundi viatu nikiwa nimekaa ukingoni na nguo yangu ya kijani, miguu imening'inia majini. Nilimwambia yeye aombe ruhusa kwanza, akaomba. Siku ya kwanza tu mtu akaandika, "Mama, hiyo mishipa au ramani?" Nilisoma mara mbili. Iliniuma, sikatai. Kisha nikamjibu: "Darasa ni Jumatano, saa nne asubuhi. Ufunguo wako ninao."